Radi ya Kutumwa: Sarufi ya Tuhuma katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Katika hadithi zinazobuni ulimwengu wa kifantasia, mchawi anayetawala umeme ni mhusika wa kawaida. Nguvu zake huwa na chanzo, masharti na mipaka ambayo mtunzi huipanga mapema. Jamii zetu nazo zina uchawi wa namna hiyo, ila haukubuniwa na mtunzi mmoja, na wanaotuhumiwa kuutumia ni watu halisi. Makala hii inachunguza dhana ya radi ya kutumwa kwa kuzingatia mazingira ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Hoja yetu ni kwamba dhana hiyo hupata nguvu, kwa sehemu kubwa, kutokana na muundo wa sentensi inayoieleza.

2.0 Radi kama Chombo

Kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi, radi ni ya mungu Shango, na anayepigwa nayo huhesabiwa kuwa amehukumiwa. Katika imani inayosikika Tanzania na pia Malawi, ng'ambo ya ziwa, radi ni chombo cha binadamu. Inasemekana hununuliwa kwa mganga, hutumwa kwa mwizi, mdeni au adui, humfuata mlengwa kwa jina lake popote alipo, na huweza kuzuiwa kwa kinga. Katika mazungumzo ya Watanzania, mji unaotajwa zaidi kwa sifa hiyo ni Sumbawanga. Kwa hiyo, msikilizaji wa habari ya radi haulizi kosa alilomtendea Mungu. Huuliza ni nani aliyeituma.

3.0 Sarufi ya Kutumiwa

Tulinganishe sentensi zifuatazo:

(1) Mkulima alipigwa na radi.
(2) Mkulima alitumiwa radi.

Katika (1), kauli ni ya kutendwa, na mtenda ametajwa baada ya kiunganishi na: ni radi yenyewe. Habari imekamilika. Katika (2), kauli ya kutendea imeunganishwa na ya kutendwa. Radi si mtenda tena, bali ni kitu kilichofikishwa kwa mkulima. Mtenda hakutajwa, lakini kitenzi tuma hakifikiriki bila mtumaji. Nafasi ya na imeachwa wazi, nayo inasubiri jina. Tuhuma huanzia hapo: jirani mwenye ugomvi wa mpaka, au bibi kizee anayeishi peke yake, huingizwa katika nafasi hiyo.

Neno umeme linathibitisha hoja hii. Kiswahili hulitumia kwa mmweko wa mawinguni na pia kwa nguvu iliyo katika nyaya, ambayo Gridi ya Taifa iliifikisha Songea mwaka 2018. Hata hivyo, aliyegusa waya huelezwa kuwa amenaswa na umeme au amepigwa shoti. Kwa kawaida hatusemi ametumiwa umeme. Pale ambapo chanzo kinafahamika, sarufi haidai mtumaji.

4.0 Mazingira na Ushahidi

Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya mwambao wa Liuli na Mbamba Bay ardhi hupanda hadi nyanda za Umatengo. Hewa yenye unyevu inayopandishwa na miinuko hiyo huzaa mawingu ya ngurumo wakati wa masika. Mkulima aliye katika ngolo kwenye mteremko ulio wazi, na mvuvi aliye katika mtumbwi, ndio warefu kuliko vyote vinavyowazunguka.

Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni wa aina mbili. Kwanza, radi ilipiga bila mvua. Lakini radi huweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka penye mvua. Pili, ng'ombe walikufa wote, mchungaji akapona, hivyo radi "ilichagua". Kumbe umeme ukiingia ardhini husambaa, na mnyama ambaye miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma hupitisha mkondo mkubwa mwilini, karibu na moyo.

5.0 Hitimisho

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kujidai kuwa na nguvu za uchawi, na pia kumtaja mwingine kuwa mchawi. Sheria hiyo peke yake haiwezi kuifunga nafasi iliyoachwa wazi na sentensi. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi anaweza kuutumia mfano huu kuonesha kwamba kauli hubeba madai. Mtunzi wa fantasia naye anayo hapa malighafi tajiri: chombo, jina na kinga. Katika hadithi yake, mtumaji atajulikana mwishoni. Kijijini hajulikani, na kwa sababu hiyo yeyote anaweza kupewa jina hilo.