Mchawi wetu kaenda wapi?

Swali: Nilikipenda sana A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin. Sasa nasoma The Tombs of Atuan, na Ged, yule mchawi, haonekani. Niendelee au niache?

Jibu: Endelea. Kitabu hiki cha 1971 ni cha Tenar, msichana aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo, akafanywa kuhani wa makaburi. Huko chini ya ardhi anajifunza njia gizani, kwa kupapasa kuta na kuhesabu milango. Ged anaingia karibu na katikati, tena kama mwizi. Bila kurasa za mwanzo, usingeona uzito wa Tenar kumwacha hai. Ukimaliza, soma The Farthest Shore, kisha Tehanu cha 1990. Humo utamkuta Tenar akiwa mtu mzima.