Ngitili, Malisho Yaliyo na Mwenyewe

Mara nyingi miche hupandwa kwa shangwe shuleni na vijijini, na baada ya kiangazi kimoja haionekani tena. Watu husema, ni mbuzi na jua. Lakini mbuzi ana mchungaji wake, naye mchungaji hakuzuiwa na mtu, maana miti ile haikuwa na mwenyewe. Jambo hili twaweza kujifunza katika habari za Shinyanga, nchi ya Wasukuma, kusini ya Ziwa Victoria.

Wazee wa huko walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zianzapo, sehemu ya malisho hufungwa ili nyasi na vichaka vikue. Kiangazi kikiwa kikali hufunguliwa kwa ndama, ng'ombe wa kulima na wanyama dhaifu. Lakini katika karne ya 20 misitu mingi ilifyekwa ili kuondoa mbung'o, na mashamba ya pamba yakazidi kuenea. Tena watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Kilichokuwa cha fulani kikawa si cha mtu, na kila mtu akakata.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni mabwana miti walitegemea sana vitalu vya miche. Baadaye wakatambua ya kuwa mizizi na visiki vya migunga vilikuwa hai bado ardhini, vikingoja tu kuachwa vikue. Ndipo watu wakasaidiwa kufunga ngitili tena, nyingine za nyumba moja moja, nyingine za kijiji au za shule. Mipaka waliiweka wenyeji, sheria zikatungwa katika mikutano yao, nao sungusungu wakasimamia faini. Hapo kwanza ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kabla ya miaka 20 kupita zilizidi hekta 300,000. Kuni, nguzo, asali, dawa na nyasi za kuezekea zikapatikana karibu, na wanawake wakapunguziwa mwendo.

Walakini si yote yaliyokuwa mema. Ngitili ya nyumba yamfaa mwenye ardhi. Asiye nayo hubaki njiani akitazama nyasi za mwenzake. Na ngitili ya kijiji yaweza kuliwa na wakubwa, kama mapato hayasomwi mbele ya watu. Kwa maoni yangu hili la pili ni baya zaidi, kwa kuwa mtu aliyelinda akadhulumiwa hatalinda tena.

Kwa hiyo mwalimu atakaye miti kando ya mto au kiwanjani mwa shule asianze na majembe. Na awaite watu, pamoja na wanawake na wachunga mbuzi, waulizane: Mipaka ni ipi? Nani atafungua, na mwezi gani? Akamatwaye atatoa nini, na fedha hizo zitawekwa kwa nani? Miti ikipata miaka kumi, nani atakata nguzo, naye mjane atapewa ngapi? Majibu yaandikwe katika daftari la kijiji, yasomwe kwa sauti, na mkutano uyakubali kabla mche wa kwanza haujatoka kitaluni.