MKANDA MWEUSI HUANZIA SAKAFUNI

Mhariri ameniomba nieleze ule mchezo unaonifanya nionekane nikibiringika kwenye nyasi nyuma ya bweni kila Jumamosi asubuhi. Wengine mmeniita Bruce Lee. Wengine mmesema nimerukwa na akili. La hasha! Ninajiandaa kwa mtihani wa mkanda mweusi wa aikido. Hebu tulieni tujifunze pamoja.

1. Aikido ni nini?

Aikido ni sanaa ya kujihami iliyotoka Japani. Mwanzilishi wake ni Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Tanabe na kufariki mwaka 1969. Kabla ya kuanzisha njia yake mwenyewe alijifunza mitindo mingine ya kupigana, hasa Daito-ryu, aliyofundishwa na Sokaku Takeda kuanzia mwaka 1915 kule Hokkaido. Jina aikido lilianza kutumika rasmi mwaka 1942. Nasi watu wa lugha tusilipite bila kulichambua: "ai" ni kupatana, "ki" ni nguvu ya uhai, na "do" ni njia.

Wengi hudhani aikido na karate ni mamoja. Sivyo. Mtu wa aikido hashindani na nguvu za mwenzake. Huondoka kwenye njia ya shambulio, huungana na mwendo wa anayeshambulia, kisha humwongoza mpaka apoteze mizani. Fikiria mtu anayesukuma mlango kwa bega, nawe uliye ndani ukaufungua ghafla. Ataingia mwenyewe mpaka sakafuni, na wewe hujamgusa!

2. Mtihani wenyewe

Ngazi za wanafunzi huitwa kyu, nazo huhesabiwa kwa kurudi nyuma, kwa kawaida kutoka ya tano hadi ya kwanza. Baada ya hapo ndipo huja shodani, yaani mkanda mweusi wa kwanza. Kwa kanuni za makao makuu ya Aikikai jijini Tokyo, mtahiniwa awe ametimiza miaka 15, na awe amefanya mazoezi siku 70 tangu apate kyu ya kwanza. Zinazohesabiwa ni siku za mazoezi, si siku za kalenda. Ndiyo sababu sisi wa shule za bweni twajikokota kama kobe, maana tunamwona mwalimu wakati wa likizo tu.

Mbinu ninazojiandaa nazo ni hizi:

(a) Ikkyo, nikyo, sankyo na yonkyo. Maana yake ni fundisho la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Zote ni njia za kumdhibiti mtu kwa mkono wake.
(b) Iriminage, yaani kurusha kwa kuingia. Unaingia ubavuni mwake badala ya kurudi nyuma.
(c) Shihonage, yaani kurusha pande nne. Unapita chini ya mkono wake kama mtu apitaye chini ya kamba ya nguo.
(d) Kotegaeshi, yaani kugeuza kifundo cha mkono kuelekea nje.

Haya yote hufanywa mkiwa mmesimama. Nyingine hufanywa mkiwa mmepiga magoti wote wawili, na nyingine wewe umepiga magoti na mwenzako amesimama. Uliza magoti yangu, yatakusimulia!

3. Kuanguka kwanza

Somo la kwanza si kurusha bali kuanguka, na kuanguka huko huitwa ukemi. Unapobiringika mbele usitangulize kichwa. Mkono uwe umepinda kama ukingo wa gurudumu. Mwili ushuke kwa kufuata kiganja, kigasha, kiwiko na bega, kisha upite mgongoni kwa mshazari hadi nyonga ya upande wa pili. Kidevu kiinamie kifua. Usizuie pumzi. Anayekakamaa huumia, na anayelegea ovyo pia huumia. Unatakiwa uwe kama mpira, laini lakini wenye umbo.

4. Kosa langu

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikutaka kulisema, lakini makala bila ukweli ni chai bila majani. Nilipaswa kufanya mtihani huu wakati wa likizo ya Agosti. Zikiwa zimesalia wiki mbili, nilikuwa nikifanya mazoezi na kijana mmoja mdogo kwangu kwa umri na kwa mkanda. Nilitaka kotegaeshi yangu iwe ya kasi, watu waseme "Shabash!" Nikamgeuza kifundo kabla hajawa tayari kuanguka. Akapiga kelele. Mkono ukavimba, tena ule wa kuandikia.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniita kando akaniuliza, "Kijana, mkono huo ni wa nani?"

"Ni wake, Mwalimu."

"Basi amekuazima ujifunzie. Kitu cha kuazima hurudishwa vipi?"

"Kikiwa kizima, Mwalimu."

Akachukua kalamu, akalifuta jina langu katika orodha ya watahiniwa. Likizo yote iliyobaki sikurusha mtu. Kazi yangu ikawa kurushwa, na walionirusha ni wanafunzi wa mikanda myeupe. Nilikwenda pia nyumbani kwa yule kijana kumwomba radhi mbele ya mamake. Mama alinikaribisha chai, nami sikuweza kumtazama usoni.

5. Nilichojifunza

Jamani, niliporushwa siku baada ya siku ndipo nilipoanza kuielewa mbinu. Nilihisi mwilini mwangu mahali mizani inapopotea, na nikatambua kwamba mbinu nzuri haiumi hata kidogo. Unajikuta chini tu, hujui umefikaje. Ile kasi niliyoitafuta ilikuwa ya kuficha udhaifu wangu. Sikuwa nimesimama mahali pafaapo, kwa hiyo nikatumia misuli.

Jambo la pili ni kwamba neno shodani halina maana ya bingwa. "Sho" ni mwanzo, kwa hiyo shodani ni ngazi ya mwanzo. Katika Aikikai hakuna mashindano wala vikombe, na mtahiniwa hafaulu kwa kumshinda mwenzake. Mwenzako akiumia, wewe ndiwe uliyeshindwa.

Nitaujaribu mtihani tena Desemba. Mtahiniwa huhitaji mtu wa kumshambulia mbele ya watahini, na aliyekubali kunishambulia ni yule yule kijana. Nilipomwuliza kama haogopi, alicheka akasema, "Kaka, siku hizi unajua kuanguka." Heshima hiyo naithamini kuliko mkanda wowote. Wahenga hawakukosea waliposema haraka haraka haina baraka.

MASWALI

1. Eleza maana ya kila sehemu ya neno aikido.
2. Kwa nini mwanafunzi hufundishwa kuanguka kabla ya kurusha?
3. Mwalimu alikuwa na maana gani aliposema mkono ni kitu cha kuazima? Toa mfano mmoja kutoka maisha ya hapa shuleni.
4. Pendekeza neno moja la Kiswahili linalofaa badala ya ukemi. Peleka jibu lako kwa katibu wa chama.