Popo Kama Hifadhi Asilia ya Virusi: Somo kwa Wakazi wa Mkiwa

Hifadhi asilia ya virusi ni mnyama anayeishi navyo kizazi baada ya kizazi pasipo kuugua, na ambaye kutoka kwake huweza kumfikia binadamu au mnyama mwingine. Kwa virusi vya Marburg, mnyama huyo ni popo wa matunda wa Misri, akaaye kwa maelfu katika mapango na migodi. Kinga ya mwili wake huvidhibiti virusi hivyo, lakini kwa kipindi fulani huvitoa kupitia mate, mkojo na kinyesi.

Ushahidi ulipatikana Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua homa ya Marburg, na wanasayansi wakavikuta virusi hai katika popo wa mgodi huo. Baadaye popo wale waliangamizwa. Hata hivyo, wengine walihamia humo, na walipopimwa mwaka 2012, kufuatia mlipuko wa Ibanda iliyo jirani, kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha awali. Yaelekea popo wachanga wasio na kinga walijaza nafasi ya wakubwa waliokuwa nayo. Kuua popo, basi, si kuua ugonjwa.

Tanzania nayo imeguswa mara mbili, zote mkoani Kagera. Mwaka 2023, katika Wilaya ya Bukoba, watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Mwaka 2025, wilayani Biharamulo, watu wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifariki.

Mkiwa, wilayani Ikungi, iko mbali na Kagera. Lakini ni njia panda: barabara ya Itigi hukutana hapo na barabara kuu iendayo Singida na Kanda ya Ziwa. Dalili za Marburg huanza siku 2 hadi 21 baada ya maambukizi. Hivyo mtu aweza kusafiri akiwa mzima, akaugua afikapo. Kwa hiyo mgeni mwenye homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, kutapika na kuharisha aulizwe ametoka wapi, afikishwe kituo cha afya mapema, na majimaji ya mwili wake yasiguswe kwa mikono mitupu. Maiti nayo isioshwe na familia bila usimamizi wa wataalamu.

Popo wadogo wajifichao darini aghalabu hula wadudu, wala si wale wa Marburg. Wasiuawe, na watoto wasiwashike, kwani baadhi ya popo hubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Kimoja kilitambuliwa kwa popo wa mapango ya Shimoni, pwani ya Kenya, mwaka 2009. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.