Ekzosi ya IST Inayopanda Mgeta

Ukitaka kubadili ekzosi ya gari la kila siku hapa Morogoro, fikiria kwanza barabara unayopita, sauti baadaye. Vijana wengi huchagua sailensa kwa kuisikiliza kwenye lami ya Msamvu, kisha wanaenda kuigongesha mawe ya Uluguru. Mimi naendesha Toyota IST ya cc 1500. Njia yangu ni Sangasanga, Mzumbe, Mlali, halafu napanda Mgeta kufuata kabichi na karoti. Lami ikiisha ni kona, mawe na mifereji iliyochimbwa na masika.

Kwa injini hiyo, bomba lisizidi inchi 2. Likiwa pana mno, moshi hupoteza kasi humo ndani na gari linakosa nguvu injini ikizunguka polepole, na mlimani ukiwa na mzigo nguvu hiyo ndiyo unayoitegemea.

Nilibadili kuanzia nyuma ya masega (katalisti) tu. Masega yenyewe usiyaguse. Wanunuzi watakufuata hadi gereji, maana ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na utaambiwa gari litakuwa jepesi. Kataa. Hayo ndiyo yanayopunguza sumu ya moshi kabla haujatoka, na ukiyang'oa, sensa ya nyuma itakuwashia taa ya cheki injini.

Usiku wa kuamkia kazi, pulizia bolti mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi, gari likiwa limepoa, lipandishe kwenye stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ngumu ni zile bolti mbili zenye springi. Zikigoma, legeza kidogo, kaza kidogo, pulizia tena, mpaka uone unga wa kutu unadondoka. Gasketi ya duara weka mpya, ya zamani imeshakandamizika na haizibi.

Ning'iniza bomba kwenye raba zote kwanza, bolti zizungushe kwa mkono tu, linyooshe, ndipo ukaze. Ukiwahi kukaza, bomba linakaa kwa kulazimishwa na raba zitakatika. Pakihitajika kuchomelea, chomoa kwanza waya hasi wa betri.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipita: shusha gari kwenye stendi, kisha lipakie. Weka magunia nyuma, kaa na watu, halafu mtu achungulie chini. Mzigo ukikandamiza springi, bodi inashuka pamoja na bomba, na ile nafasi uliyoiona juu ya ekseli inapotea. Nataka vidole viwili vipite hata gari likiwa limejaa, na sailensa isiwe kitu cha kwanza kukutana na jiwe.

Kisha paka povu la sabuni kwenye viungo, washa injini kabla bomba halijapata moto, na mwenzako azibe mdomo wa ekzosi kidogo kwa kitambaa kinene. Povu likichemka, pana tundu. Usiondoke hivyo. Kule Mgeta baridi hutufanya tufunge vioo vyote, na monoksidi ya kaboni haina harufu. Inaweza kuua familia nzima ndani ya gari.

Baada ya safari ya kwanza ya mlimani, acha lipoe, kisha kaza tena kila kiungo, hasa klampu iliyo jirani na sailensa. Hiyo ndiyo hulegea kwanza.