Mdogo Wangu, Wembamba wa Laptopu Usikutie Upofu

Sogea karibu, mdogo wangu, leo tuzungumze habari ya hela. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na kahawa ikishaanza kuuzwa, swali lenu kwangu ni lile lile: dada, nimepata chuo, mzee kanipa hela ya laptopu, ninunue ipi? Kabla sijafungua mdomo mmeshajijibu wenyewe. Mnataka nyembamba. Nyembamba, nyepesi, ya rangi ya fedha, ikae begani kutoka stendi ya Mbinga mpaka Dodoma bila kuchosha.

Sikulaumu hata kidogo. Nani anapenda kuingia darasani siku ya kwanza na dude zito linalounguruma, wenzake wakigeuka kumtazama? Ugeni wa chuo ni mgumu peke yake, na kutamani kufanana na wenzako si dhambi. Lakini hela hiyo unajua ilikotoka. Imetoka kwenye mibuni ya mzee kule Litembo, au kwenye dagaa ambao mama aliwaanika juani Liuli huku akifukuza kunguru. Haitapatikana nyingine mpaka msimu ujao. Kwa hiyo tulia, nikueleze wembamba unatoka wapi, kisha uchague mwenyewe.

Tarehe 15 Januari 2008, mjini San Francisco, Steve Jobs wa Apple alisimama jukwaani akachomoa kompyuta kutoka kwenye bahasha ya karatasi. Ilikuwa MacBook Air ya kwanza. Uzito wake kilo 1.36, na hata penye unene wake mkubwa haikufika sentimita 2. Watu walipiga makofi. Prosesa za kawaida za wakati ule zisingeingia humo, hivyo Apple ilikuwa imewaomba Intel waitengenezee Core 2 Duo ya kipekee, na bosi wa Intel, Paul Otellini, alipanda jukwaani mwenyewe. Wahandisi wake walikuwa wamepunguza ukubwa wa chipu kwa asilimia 60. Sisi watu wa kahawa hilo hatulishangai: punje ilibaki ile ile, kilichopunguzwa ni ganda. Pamoja na ganda, wakapunguza na umeme. Ndugu zake waliokuwa kwenye laptopu nene waliruhusiwa wati 35, yenyewe ikapewa 20.

Sasa sikiliza vilivyotolewa ili bahasha ifungike. RAM ilikuwa GB 2, imechomelewa kwenye madabodi, huongezi hata ulie. Betri ilifungiwa ndani. Tundu la USB moja tu. Wengi walioinunua walilalamika kwamba kazi ikikolea inapata moto na kuzubaa. Aliyeinunua ili kuandika barua na kusoma aliifurahia. Aliyeibebesha kazi nzito alijuta, na ilikuwa imeuzwa dola 1,799.

Unaweza kuniuliza, ya mwaka 2008 yanatuhusu nini? Yanakuhusu, maana mashine nyingi nyembamba unazozitamani leo zilizaliwa kwa mtindo ule. Mwenye kutengeneza kompyuta anaketi na mwenye kutengeneza chipu, wanakubaliana umbo kwanza, kisha prosesa inapunguzwa iingie. Mwaka 2019 Microsoft ilifanya hivyo mara mbili. AMD iliitengenezea Ryzen maalumu kwa ajili ya Surface Laptop 3 ya inchi 15, na Qualcomm ikashirikiana nayo kutoa chipu ya SQ1 ya Surface Pro X. Mwisho wa mwaka 2020 Apple iliacha kuomba, ikaanza kuweka chipu yake yenyewe, M1, iliyotengenezwa Taiwan na TSMC, na MacBook Air ikaondolewa hata feni. Hao wote walikaa mezani wakapatana. Katika meza ile hapakuwa na mtu wa Mbamba Bay wa kuwauliza, je, mwezi wa kumi chini ya bati itakuwaje? Ndiyo maana swali hilo inabidi uliulize wewe, dukani, kabla ya kutoa hela.

Na hapa ndipo wengi mnapoumia, mdogo wangu, kwa sababu muuzaji atakwambia, "Hii ni Core i5," nawe moyo unatulia. Usitulie. Chukua i5 tatu za kizazi cha 7, kizazi kimoja kabisa. Kuna i5-7Y54, ya wati 4.5. Kuna i5-7200U, ya wati 15. Kuna i5-7300HQ, ya wati 45. Wati hizo ndizo joto ambalo prosesa inaruhusiwa kulitoa kazi ikikolea. Ya kwanza na ya mwisho zimepishana mara kumi, na mbili za mwanzo zina viini (cores) viwili tu wakati ile ya tatu ina vinne. Kibandiko cha nje kinasema i5 zote tatu! Prosesa ile ya Y iliwahi kuitwa jina lingine, Core m5, na Intel ikalibadilisha mwaka 2016. Muuzaji hajakudanganya akisema i5. Wewe ndiye hukusoma herufi inayofuata.

Nyumba njema si mlango. Kwa hiyo ingia ndani. Mashine ikishawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Utaona mstari ulioandikwa Processor. Unakili kwenye simu yako, wote, pamoja na herufi yake. Muuzaji akikukataza kuwasha, au akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anaitaka, ondoka. Laptopu ziko nyingi, na mzee wako ni mmoja.

Nirudi kwenye joto, maana hili linatuhusu sisi kuliko watu wa San Francisco. Prosesa ikipata moto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Yenye feni hupuliza joto nje, isiyo na feni hulitawanya polepole kupitia bodi lake. Huku juu Mbinga, Juni na Julai tunavaa masweta, mashine isiyo na feni utaiona malaika. Ishushe ziwani, Lituhi au Mbamba Bay, Oktoba mchana, uiweke kitandani juu ya shuka, halafu uifungulie kazi ya kuchora. Apple yenyewe huandika kwamba MacBook zake zitumike mahali penye nyuzi 10 hadi 35. Chumba cha bati kando ya ziwa kinaweza kuzipita hizo kabla hujala chakula cha mchana. Mashine haijaharibika hapo, usikimbilie kwa fundi aifungue. Iweke juu ya meza au ubao, ipate hewa chini, na kazi nzito uifanye alfajiri au usiku.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye laptopu nawaomba radhi wahenga wangu: chagua jembe. Anza na kozi yako. Ukienda ualimu, sheria, uuguzi au utawala, kazi yako ni kuandika, kusoma, kutafuta intaneti, na hesabu za Excel. Basi nyembamba inakufaa, na prosesa yenye herufi U inatosha kabisa, usimsikilize anayekuambia ununue mashine ya wacheza magemu. Ukienda Chuo Kikuu Ardhi kusomea usanifu majengo, au uhandisi popote, utaishi na michoro. Hapo nakusihi ukubali unene kidogo na feni, hata wenzako wakicheka. Watakucheka wiki mbili za mwanzo, kisha usiku wa kuamkia kukabidhi kazi watakuja kukuomba uwafungulie mchoro wao. Ukienda Sokoine kwenye misitu au ardhi, uliza kwanza kama mtatumia ArcGIS Pro, kwa sababu programu hiyo ni ya Windows, haikutengenezwa kwa ajili ya Mac. Na ile Surface Pro X yenye chipu ya Qualcomm, inavutia kweli, lakini ilipotoka haikuweza kuendesha programu za biti 64 zilizoandikwa kwa ajili ya Intel na AMD. Hata leo usiichukue kabla hujaona programu ya kozi yako inafunguka mbele ya macho yako.

Wengi wenu mtanunua za mtumba, Kariakoo au Songea. Hakuna aibu, zipo nzuri sana zilizotoka maofisini Ulaya. Ila tazama umri. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake inataka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea. Kizazi utakisoma kwenye namba: i5-8250U ni ya 8, i5-7200U ni ya 7. Kupanda kutoka 7 kwenda 8 si jambo dogo, maana hiyo 8250U ina viini vinne kwa wati zile zile 15. Ukikuta mbili hizo na bei zinakaribiana, usijiulize mara mbili. Kuna mashine kama HP EliteBook Folio G1 ya mwaka 2016, haifiki kilo moja, haina feni, ukiigusa tu unaipenda. Nimewaona wasichana wakiibusu. RAM yake imechomelewa, prosesa yake ni zile Core m, na Windows 11 haikubali kizazi chake. Kwa miaka mitatu au minne ya chuo, mdogo wangu, hapana.

Hilo la RAM nalirudia kwa sababu ndilo linalowaliza wengi mwaka wa pili. Kwenye laptopu nene kidogo fundi anafungua mfuniko, anaongeza RAM, unaondoka. Kwenye nyingi nyembamba haiwezekani. Hivyo ukiamua nyembamba, nunua RAM utakayoihitaji mwaka wa mwisho. GB 8 ndiyo ya chini, GB 16 kama kozi ni ya michoro. Usiseme utaongeza bumu likitoka. Bumu lina mambo yake, na madabodi iliyochomelewa haisubiri bumu.

Umeme nao usiusahau. Tangu gridi ilipofika Songea kutoka Makambako mwaka 2018 tumepumua, lakini kukatika bado kupo. Hapa wembamba unastahili sifa, kwa sababu prosesa ya wati chache hula betri polepole. Ila betri ya mtumba usiiamini kwa maneno. Chomoa chaja pale dukani, ichezeshe video nusu saa ukiwa umekaa, uone asilimia zinavyoshuka.

Na kama umeshanunua na umeshakosea, usijifungie chumbani ukalia, wala usimfiche mzee mpaka aambiwe na jirani. Herufi hizi hata waliomaliza chuo wanapishana nazo. Mashine hiyo itumie kwa uandishi, michoro ifanye kwenye maabara ya chuo, na mwambie mzee ukweli mapema kabla msimu haujaisha.

Aliye na hela mkononi sasa hivi na hajalipa, aniandikie vitu viwili tu: jina la kozi, na ule mstari wa prosesa alioukopi pale dukani. Asilipe mpaka nimjibu.