Ulinganifu wa Dawa Mwilini na Uthibitishaji wa Hesabu Zake: Suala la Istilahi na Ukokotozi

IKISIRI
Makala haya yanachunguza sababu zinazofanya programu mbili za kompyuta zitoe majibu tofauti kwa data zilezile za dawa zenye mabadiliko makubwa. Tunadai kwamba mara nyingi tofauti hizo huanzia katika swali lisilotamkwa kikamilifu.

1.0 UTANGULIZI
Mgonjwa wa Kidugala, mkoani Njombe, anayechukua vidonge kila mara katika zahanati, hutambua upesi kwamba safari hii vimetoka kiwanda kingine. Rangi na umbo vimebadilika. Je, vitamtibu vilevile? Swali hili lina uzito wa pekee katika mkoa ambao, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2016–17, asilimia 11.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wakiishi na VVU. Nchini Tanzania, anayepaswa kulijibu ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo kabla ya 2019 iliitwa TFDA. Jibu lake hutegemea takwimu.

2.0 DHANA ZA MSINGI
Katika jaribio la ulinganifu, watu wa kujitolea humeza dawa rejea na dawa linganishwa kwa nyakati tofauti, kisha damu yao hupimwa. Hutafutwa jumla ya dawa iliyofika damuni na kilele chake. Masafa ya uhakika ya asilimia 90 ya uwiano wa dawa hizo mbili sharti yawe ndani ya mipaka ya asilimia 80.00 na 125.00. Kwa hiyo, kulingana si kufanana kwa kila hali. Ni kutopita mpaka uliokubaliwa.

Dawa huitwa yenye mabadiliko makubwa iwapo mtu yuleyule, akimeza dawa ileile mara mbili, hupata vipimo vinavyoachana kiasi kwamba mgawo wa mtawanyiko hufikia asilimia 30 au zaidi. Dawa nzuri ya namna hii huweza kushindwa kwa sababu tu watu waliopimwa ni wachache. Mwongozo wa Ulaya wa 2010 uliruhusu mipaka ya kilele ipanuliwe hadi asilimia 69.84 na 143.19, mradi dawa rejea irudiwe kwa mtu yuleyule na uwiano wenyewe ubaki kati ya 80.00 na 125.00.

3.0 DATA MOJA, MAJIBU MAWILI
Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilichapisha mfano wa data za watu 77, ambao baadhi ya vipimo vyao havikukamilika. Mtu akihesabiwa kuwa kigezo thabiti, masafa huwa 107.11 hadi 124.89. Akihesabiwa kuwa kigezo nasibu, huwa 107.17 hadi 124.97. Hakuna kompyuta iliyokosea hapa. Kila moja imejibu swali lake. Hata hivyo, 124.97 imebakisha 0.03 tu kufikia mpaka wa kawaida. Data nyingine za namna hiyo zingeweza kukubaliwa kwa njia moja na kukataliwa kwa nyingine.

Yako pia makosa halisi. Ulinganishaji wa programu uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kwamba programu mojawapo ilikosea pale makundi yalipokuwa na idadi isiyolingana ya watu, ingawa kwa makundi yaliyolingana ilikuwa sahihi. Funzo ni kwamba anayejaribu programu kwa data nadhifu pekee hajaijaribu. Tena, programu mbili kukubaliana si ushahidi wa kutosha, kwani huenda zimerithi dhana moja yenye kasoro. Ndiyo maana data rejea za wazi, zenye majibu yanayojulikana, zinahitajika. Schütz na wenzake walichapisha data kama hizo kwa ajili ya mipaka iliyopanuliwa mwaka 2020.

4.0 HITIMISHO
Tunapendekeza kila ripoti itaje kwa maneno aina ya kila kigezo, namna vipimo vilivyokosekana vilivyoshughulikiwa, hatua ambapo tarakimu zilikadiriwa, na toleo la programu. Kazi hiyo inawahusu wanaisimu pia. Pasipo istilahi zinazotenganisha thabiti na nasibu, au kulingana na kufanana, mwanafunzi atanakili jibu la kompyuta bila kujua swali lililoulizwa, na mgonjwa wa Kidugala hatapata maelezo katika lugha anayoielewa.